Munyoki Kwenye Waya wa Kheri

Siku Twaiba alipokwenda kumrekodi mzee Nzioka, jua lilikuwa kali uani, kwa hiyo alimwomba mzee wahamie kivulini, kando ya ukuta wa jiko. Mzee alileta viti viwili vya plastiki, akakaa kwenye kimoja. Kwenye kile cha pili Twaiba aliweka mkoba wake wa betri, maana chini kulikuwa na mavi ya mbuzi. Akambania mzee maikrofoni ndogo kwenye kola, akamwonyesha pa kutazama, akamwomba aanze kwa kutaja jina lake.

Mzee alilitaja. Alisema alikuja Kikoneni kutoka Ukambani akiwa kijana, wakati watu walipokuwa wakigawiwa mashamba, akapanda mihogo na mikorosho, akafuga mbuzi. Mkewe alikuwa amefariki na binti zake waliolewa Makueni. Aliyebaki naye nyumbani ni kitinda mimba wake, Munyoki. Halafu akaeleza habari ya maji. Kijito kilichokuwa kikipita chini ya shamba lake kilikauka tangu shamba kubwa la mapapai lilipochimba bwawa huko juu na kuanza kuyavuta maji kwa pampu. Bwawa hilo lilitandikwa plastiki nyeusi ili maji yasizame ardhini, na likazungushiwa ua wa waya. Wakati wa kiangazi, jioni moja, Munyoki alichukua mtungi akapenya chini ya waya kwenda kuchota. Asubuhi yake walinzi wawili wa shamba walikuja kumwambia mzee kwamba kijana wake ameonekana ndani ya maji. Walisema usiku kucha hawakusikia sauti ya mtu.

Mzee aliyasema hayo yote kwa sauti moja, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Twaiba alimshukuru, akafungasha vyombo vyake, akarudi kwao Msambweni.

Twaiba alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi upande wa wanawake, ambako wapiga picha wa kiume hawaruhusiwi kuingia. Alikuwa ameingia vyumba vya maharusi wengi kuliko mtu yeyote wa pwani ile ya kusini, akawarekodi wakipakwa hina, wakilia na mama zao, wakila wali wa jana yake asubuhi, na katika kanda zote hizo yeye mwenyewe hakuonekana hata mahali pamoja. Mumewe, Bakari, alifariki wakiwa bado wageni katika ndoa, wala hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Harusi zilipomchosha, alianza kurekodi mambo ambayo watu walikuwa wakiyazungumza majumbani mwao: visima, mipaka, njia zilizofungwa. Alipeleka kazi hizo kwenye stesheni kubwa, zikakaa huko bila jibu. Aliyezitaka ni Kheri, mwenye duka la simu na redio hapo Kikoneni. Kheri alikuwa na madishi juu ya paa la duka lake, na kutoka hapo alivuta waya, ukapita juu ya nguzo na minazi hadi majumbani, ili watu watazame mpira. Alimpa Twaiba saa inayotangulia mpira, kwa kuwa saa hiyo haikuwa na mwenyewe.

Siku hiyo alipofika nyumbani, Twaiba aliswali alasiri, akaweka maji ya chai jikoni, akafungua picha kwenye kompyuta. Munyoki alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pili. Alikuwa ameupakata mkoba wa betri kwa mikono miwili, kama abiria anayeshuka mbali. Alikuwa amelowa. Shati lake lilikuwa la mistari myembamba, na hilo ndilo lililomkera Twaiba mwanzo, kwa sababu kamera yake haikuelewana na mistari ya namna hiyo; ilimeremeta na kuchezacheza kila alipopumua. Baba yake alipokuwa akieleza habari ya bwawa, kijana naye alikuwa akisema kitu, lakini maikrofoni ilikuwa kwa mzee, na la kijana halikusikika. Twaiba alijilaumu kwa kutokwenda na maikrofoni ya pili. Kisha akaushika mkoba, akaukuta una majimaji upande wa chini, akauanika dirishani.

Kesho yake alimwonyesha Kheri. Kheri alitazama akiwa ameshika simu ya mteja mkononi, akauliza kama huyo si yule kijana wa bwawa la mapapai. Twaiba akasema ndiye. Kheri akasema aliwahi kumbadilishia kioo cha simu, na kwamba amepungua.

Mzee Nzioka walimkuta akifagia. Twaiba alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba, mama, akawapisha kivulini. Alivaa miwani, akaitazama picha kwenye kioo kidogo cha kamera, akaomba airudie. Halafu aliingia ndani, akatoka na shati kavu la kijivu, akalitundika kwenye mgongo wa kile kiti cha pili. Twaiba alibana maikrofoni kwenye ukosi wa shati hilo, akavaa hedifoni, akawasha kamera. Kwa macho, kiti kilikuwa kitupu. Kwenye kioo, Munyoki alikuwa amekwisha kulivaa.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema masikioni mwake.

"Marahaba, mwanangu," Twaiba akajibu.

Mzee aligeuka akakitazama kiti.

"Amenisalimu," Twaiba akamwambia.

Kuanzia hapo kazi yake ikawa kupokea na kufikisha. Maneno ya baba kijana aliyasikia mwenyewe. Ya kijana ilibidi yapite kwa Twaiba. Mwanzoni walizungumza mambo ya nyumbani. Munyoki alikumbusha kwamba panga liko kwa jirani yao Mangi, na kwamba bati la upande wa mashariki linataka msumari kabla ya mvua za vuli. Mzee alimpa habari za dada zake. Aliuliza anakula nini huko, na Munyoki akasema huko hakuna njaa, kuna baridi tu.

Baada ya siku kadhaa Kheri alileta televisheni kuukuu, ambayo sauti yake ilikuwa imekufa zamani lakini picha bado nzuri. Akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele ya viti, akaiunganisha na kamera. Sasa mzee aliweza kujiona amekaa, na mwanawe amekaa ubavuni pake. Shida ilikuwa moja. Ili amwone mwanawe, ilimlazimu atazame mbele, kwenye televisheni. Akimgeukia, aliona plastiki na shati. Akajifunza kuzungumza naye bila kumgeukia. Munyoki yeye hakutazama mbele. Kwenye televisheni alionekana amegeuka upande, akilitazama shavu la baba yake muda wote.

Twaiba alizihariri picha hizo kidogo kidogo, na Kheri akazipitisha kwenye waya katika ile saa inayotangulia mpira. Watu wa Kikoneni walitazama. Walisema Munyoki alikuwa kijana wa adabu tangu hapo, na kwamba lile shati la kijivu limemkaa vizuri. Cynthia, mwalimu wa chekechea, alimwendea Twaiba na kigoda cha marehemu mama yake, akaomba naye arekodiwe. Twaiba alikirekodi kigoda asubuhi nzima. Kilichotokea kwenye picha ni kigoda tu. Wengine walileta mkeka, kofia, fimbo, ikawa vivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika. Walivichukua vitu vyao, wakarudi navyo makwao.

Twaiba naye, siku asiyokuwa na safari ya Kikoneni, aliweka kiti karibu na kitanda chake, akatundika kanzu ya Bakari, akabana maikrofoni, akawasha kamera, akakaa kando ya kiti hicho hadi adhana ya magharibi. Baadaye alitazama yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Aliona mwanamke amekaa, kanzu, na pazia lililokuwa likiingia na kutoka dirishani. Alirudia kusikiliza kwa hedifoni, sauti ikiwa juu kabisa. Alisikia friji ya jirani. Hakuifuta picha hiyo. Aliihifadhi pamoja na harusi.

Siku moja mzee Nzioka hakuanza na habari za nyumbani. Alikaa, macho kwenye televisheni, maganda ya mihogo aliyokuwa akimenya yamemjaa miguuni.

"Muulize," akasema, "siku ile aliita?"

Twaiba hakuwa na haja ya kuuliza. Munyoki alikuwa amesikia.

"Niliita sana," sauti ikasema. "Ile plastiki inateleza, mama. Ukiushika ukingo, inakurudisha. Walinzi walikuwa wamesimama pale juu na tochi, wananimulika. Niliwaita. Mmoja akasema nitoke mwenyewe kama nilivyoingia. Nikamwita baba. Nilimwita hadi maji yakaniingia kinywani."

Kwenye hedifoni kulisikika maji yakidondoka juu ya plastiki. Kwenye kioo kijana aliacha kulitazama shavu la baba yake, akaitazama lenzi.

"Lakini mwambie sikuita," akasema.

Mzee alikuwa akingoja. Kuku walipita kati ya viti na kamera.

"Anasema hakuita," Twaiba akasema.

"Haya," mzee akajibu. Akaendelea kumenya mihogo yake.

Twaiba alipohariri mazungumzo hayo, alikata maneno ya Munyoki, kwa sababu televisheni ya mzee haikuwa na sauti lakini majirani zake walikuwa nazo zenye sauti, na kabla mpira haujaisha wangekuwa wamefika kwake kumpa pole. Mahali pa maneno hayo aliweka picha ya ua wa waya, na mapapai nyuma yake. Swali la mzee alilibakiza, na jibu alilolitoa yeye. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika katika kazi yake mwenyewe.

Baada ya picha hiyo kupita kwenye waya, alikuja afisa wa upelelezi, jina lake Chirau, mtu mpole, mzaliwa wa upande wa Kinango. Alikaa dukani kwa Kheri, akaletewa chai, akaomba aonyeshwe yote yaliyopita kwenye waya. Marehemu alipotokea, Chirau alivua kofia, akaiweka gotini. Hakutilia shaka jambo lolote. Alipomaliza alimwambia Twaiba kwamba amemsaidia sana. Walinzi walikuwa wamesema hawakusikia mtu akiita, na sasa marehemu mwenyewe amethibitisha kwamba hakuita. Maneno ya pande zote mbili yamepatana, na kesi inaweza kufungwa. Alimpa mkono, akamwombea Mungu ambariki kwa kazi yake.

Twaiba alirudi Msambweni akakaa na jambo hilo peke yake. Hakuwa na mtu wa kumweleza. Aliwaza kumweleza Kheri, lakini Kheri alikuwa mtu wa watu wengi, na kitu kikiingia dukani kwake hutoka. Alipika, akashindwa kula. Alifungua tena picha isiyokatwa, akamsikiliza Munyoki akisema niliita sana, na kila alipofika hapo kijana aliitazama lenzi kwa namna ileile, akimwomba lilelile. Alitazama hivyo siku nyingi, hadi akawa anaisikia sauti ile hata akiwa sokoni.

Mwishowe alichukua kompyuta na hedifoni, akaenda kituoni kwa Chirau. Chirau alifunga mlango, akasikiliza hadi mwisho. Alipozivua hedifoni zilikuwa zimelowa, akazifuta kwa leso yake mwenyewe kabla ya kumrudishia. Alisema anaamini hiyo ni sauti ya kijana, na kwamba neno la mlinzi yule si neno la kumwambia mtu aliye majini. Lakini Kikoneni nzima imekwisha kusikia kwamba hakuita. Ili akubaliwe kuufungua upelelezi upya, baba mtu itabidi aje, asikilize, aseme kama sauti hiyo ni ya mwanawe.

"Nimwite?" Chirau akauliza.

Twaiba akasema amwachie amweleze yeye.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mzee, na kwa mara ya kwanza hakuitoa kamera mkobani. Alimwambia kwamba kituoni kunahitajika masikio yake, na kwamba kuna maneno ya Munyoki ambayo hakumfikishia. Mzee hakuuliza ni maneno gani. Alinawa miguu, akavaa koti, akasema twende.

Ofisini kwa Chirau alivishwa hedifoni, zikawa kubwa kwa kichwa chake, akazishika kwa mikono yote miwili. Alisikiliza huku akiutazama ukuta. Ilipokwisha akasema, "Ni yeye." Chirau alimshukuru. Kisha, kwa kuwa ni kazi yake kuuliza, akamuuliza kama yeye mwenyewe, siku ile, alisikia chochote.

"Nilisikia," mzee akasema.

Chirau akamtazama Twaiba, Twaiba akatazama chini.

"Nilikuwa pale kwenye jiko," mzee akaendelea. "Upepo ulikuwa ukitoka upande wa bwawa. Nilisikia sauti yake. Tulikuwa na mbuzi mweupe, ana mimba, mtoro sana, kila jioni ni kumfukuza. Nikadhani anamwita mbuzi. Nikaendelea na kazi yangu."

Halafu Twaiba akamuuliza mzee kwa nini basi aliuliza siku ile, akiwa anajua.

"Nilitaka nijue kama amenisamehe," mzee akasema. "Nikaona amenisamehe, maana amenidanganya."

Chirau aliyapeleka yote juu, maneno ya kijana na maneno ya baba. Jibu lilichelewa, lakini lilirudi. Wakubwa walisema wamesikiliza, na hawana shaka kwamba marehemu aliita. Ila baba yake mzazi alimsikia pia, akadhani anamwita mbuzi, na haikuonekana haki kuwataka walinzi, ambao si jamaa zake, wamwelewe vizuri kuliko alivyoeleweka na baba yake. Kuhusu lile neno la mlinzi, walisema mlinzi huyo alihamishwa zamani, na shamba halikujua alikokwenda. Chirau alikuja mwenyewe hadi Kikoneni kulisoma jibu hilo, akakataa kukaa, akasema samahani, mzee, akaondoka. Shamba la mapapai liliongeza waya wa pili juu ya ule wa kwanza. Kijito kiliendelea kuwa mchanga.

Twaiba aliendelea kwenda. Kazi ya filamu ilikuwa imekwisha na Kheri alikuwa ameitumia ile saa kwa mambo ya mpira, lakini yeye alikwenda, akasimamisha kamera palepale, akavaa hedifoni. Majirani waliacha kuja kutazama. Mangi alilirudisha panga, akaliegemeza ukutani bila kubisha hodi.

Alasiri moja walikaa hivyo, mzee akiitazama televisheni, kijana akimtazama mzee, Twaiba nyuma ya kamera.

"Nilikusikia, mwanangu," mzee akasema, bila kugeuka.

Twaiba alibana hedifoni masikioni. Alisikia maji yakidondoka, tone baada ya tone, kisha yakakoma kidogo.

"Anauliza," Twaiba akasema, "yule mbuzi mweupe alizaa?"

"Alizaa," mzee akasema. "Wawili. Mmoja amekufa kwa kiu."

Kwenye televisheni Munyoki aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeipokea habari aliyokuwa akiitarajia. Twaiba alizidi kuishika kamera isitikisike, hadi betri ikamwishia.